Jinsi ya kuwatambua wadudu gamba kwenye mwembe, mchungwa na kahawa: mwongozo kamili kwa Tabora na Kigoma

Kila kiangazi swali ni lile lile. Mtu anatuma picha ya jani la mwembe lenye vidoa vyeupe, chini kaandika "hawa wadudu gani na nipige dawa gani", na kabla hajajibiwa ameshaenda duka la pembejeo, ameshauziwa kichupa, ameshapiga, halafu baada ya wiki mbili anarudi kusema dawa ni feki. Mara nyingi dawa haina kosa, ila mdudu hakutambuliwa, na wadudu gamba, yaani wadudu wadogo wanaojigandisha kwenye mti na kuufyonza, wana makundi ambayo dawa moja inaua hili na kuliacha lile likiendelea kula kama kawaida.

Wengi wanakwama sehemu zile zile. Wanaangalia rangi tu. Wanaangalia wadudu waliokufa zamani, maana magamba yao yanabaki yameganda kwenye jani muda mrefu baada ya mwenyewe kukauka. Au wanafuata miongozo ya mtandaoni iliyoandikwa kwa miti ya mialoni ya Ulaya na Marekani, wanasoma habari za Kermes na Asterodiaspis, wadudu ambao wamezoea mialoni na jamii yake, halafu wanalazimisha jina hilo likae kwenye mwembe wa Kiloleni au mlimao wa Ujiji. Haliwezi kukaa. Anza na mti ulio mbele yako, fuata hatua kwa mpangilio, usiruke.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 ndiyo kifaa kikubwa. Ukiikosa, chukua darubini ya kawaida ya kuangalia mbali, igeuze, ile lenzi unayowekaga jicho isogeze karibu kabisa na jani, uchungulie upande mwingine, inakuza vizuri tu. Simu yenye kamera ya kupiga vitu vya karibu nayo inasaidia, ila isiwe mbadala wa macho, kwa sababu picha haikuruhusu kumgeuza mdudu.

Vingine ni hivi: sindano nyembamba ya kushonea au pini, karatasi nyeupe isiyo na mistari, selotepu inayoona ndani, mkasi, rula ya milimita, bahasha za karatasi, vichupa vidogo vyenye mfuniko unaobana, spiriti ya duka la dawa, na penseli. Penseli na siyo kalamu ya wino, maana wino ukikutana na spiriti unayeyuka na lebo yako inabaki tupu. Pombe ya kunywa isitumike badala ya spiriti, haina nguvu ya kutosha na mdudu ataoza ndani ya chupa.

## Hatua ya 1: Chuma sampuli, na andika umeitoa wapi

Usichume jani moja la kwanza kulifikia. Zunguka mti, chukua majani yaliyokomaa ya chini na ya ndani penye kivuli, vijiti vya unene wa penseli, vikonyo, na kama kuna matunda chukua na tunda. Majani machanga ya juu mara nyingi hayana kitu kwa sababu wadudu hawajapata muda wa kujaa, na hapo ndipo mtu anasema "mti wangu hauna wadudu" wakati chini yake jani zima ni jeupe.

Kila sehemu iwe na bahasha yake. Andika aina ya mti, mahali, tarehe, na walikuwa juu ya jani au chini ya jani, kwenye mshipa mkuu au wametapakaa. Haya unayoandika ni nusu ya utambuzi wenyewe, kuna wadudu wanapenda mshipa wa chini ya jani tu, kuna wengine hawakai kwenye vijiti wala shina kabisa, wanakaa kwenye majani na matunda.

Usiweke majani kwenye mfuko wa nailoni ukauacha juani au kwenye boksi la bodaboda. Yanatoa jasho, yanaota ukungu, na jioni unajikuta unatambua ukungu badala ya mdudu.

Umefanikiwa ukiwa na majani matano au zaidi yenye wadudu wa saizi tofauti, wakubwa na wadogo pamoja.

## Hatua ya 2: Hakikisha ni mdudu kweli

Chukua sindano, kwangua kidoa taratibu. Mdudu gamba anabanduka, na akibanduka jani chini yake linabaki zima, labda na alama ya njano tu. Kisipobanduka mpaka uchane jani, hicho siyo mdudu gamba.

Vitu vinavyowadanganya watu zaidi huku kwetu ni hivi. Kwanza vile vipele vigumu kwenye jani la mwembe vinavyotokeza juu na chini, hiyo ni kazi ya inzi mdogo sana anayetaga ndani ya jani, jina lake Procontarinia, na huyo yuko ndani, huwezi kumkwangua. Pili madoa ya rangi ya kutu au chungwa yenye manyoya manyoya kwenye jani la mwembe, hayo ni mwani aitwaye Cephaleuros, wala siyo mdudu. Tatu unga mweupe kwenye maua na vitunda vichanga vya mwembe, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na unafutika kwa kidole kama vumbi.

Kuna pia inzi weupe. Tikisa tawi: vikiruka vijidudu vyeupe kama vumbi, unao inzi weupe, na vile vigamba vidogo vilivyoganda chini ya jani ni watoto wao. Wanafanana sana na wadudu gamba, lakini jike mkubwa wa mdudu gamba hana mabawa na hataruka hata umtikise vipi.

## Hatua ya 3: Tenganisha hai na wafu

Hapa ndipo utambuzi mwingi unaharibika. Gamba halidondoki mdudu akifa. Mwembe uliopigwa dawa mwaka jana ukafanikiwa unaweza bado kuonekana mweupe mwaka huu, na mwenye nao akapiga tena bure.

Weka jani mezani, bonyeza mdudu mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Aliye hai anatoa maji, ya njano, ya chungwa, mekundu au ya zambarau kutegemea aina. Aliyekufa ni mkavu, anavunjika au anatoa unga. Fanya kwa wadudu 20 hivi kutoka majani tofauti, uhesabu wangapi wametoa maji.

Ukiona tundu dogo la mviringo juu ya gamba, lenye kingo safi, usihesabu hasara, hapo nyigu mdogo sana amekulia ndani ya mdudu akamla akatoka. Matundu ya hivyo yakiwa mengi maana yake maadui wa asili wanafanya kazi, na dawa kali ukipiga sasa hivi unawaua wasaidizi wako kwanza. Andika kwenye karatasi yako: hai wangapi, wakavu wangapi, wenye tundu wangapi.

Wadudu wote wakiwa wakavu, simama hapo. Huna mdudu wa kutibu.

## Hatua ya 4: Inua gamba

Hatua hii ndiyo inayobeba mwongozo mzima, kwa hiyo ifanye taratibu, kwenye mwanga wa kutosha, mkono umeegemea meza.

Chagua mdudu mkubwa kuliko wenzake, aliye hai. Ncha ya sindano iingize pembeni, chini ya ukingo wa gamba, siyo juu katikati, halafu nyanyua kidogo kidogo huku unaangalia kwa lenzi. Kuna mambo manne yanaweza kutokea.

Gamba linafunuka peke yake, mdudu anabaki kwenye jani. Gamba lilikuwa limemfunika tu kama mfuniko wa sufuria, chini yake unakuta kitu laini, bapa, cha njano au chekundu, hakina miguu inayoonekana. Hilo ni kundi la gamba gumu, kitaalamu Diaspididae.

Mdudu mzima anabanduka na mgongo wake. Hakuna cha kufunua, mgongo ndiyo gamba lenyewe, ukimgeuza unaona tumbo, na kama ni jike aliyekomaa unaweza kukuta mayai au watoto wamejaa chini yake. Hilo ni kundi la gamba laini, Coccidae. Wapo wenye mgongo bapa na wenye mgongo uliopanda sana.

Hana gamba, ana unga mweupe, na ukimgusa anatembea. Huyo ni kidung'ata, Pseudococcidae, ndugu yao wa karibu. Miguu yake inaonekana, na pembeni mwa mwili ana vijinyuzi vya nta.

Ni mkubwa kuliko wote hao, milimita 5 au zaidi, ana miguu meusi na nta nyingi. Huyo ni wa jamii ya Icerya.

Rudia kwa wadudu watano angalau. Sababu ni kwamba wadudu wa gamba gumu wanapovua ngozi, mwili na gamba vinashikana kwa muda, na kuna aina, hasa yule mwekundu wa michungwa, ambaye jike akishakomaa anagandana na gamba lake kabisa, kwa hiyo ukijaribu mmoja tu utamwita laini wakati ni mgumu.

Umefanikiwa ukiweza kuandika neno moja kwenye karatasi bila kusitasita: gumu, laini, kidung'ata, au Icerya. Kama bado unasita, chuma majani mengine urudie, usiendelee mbele kwa kubahatisha.

## Hatua ya 5: Hakiki kwa masizi na sisimizi

Wadudu wa gamba laini, vidung'ata na Icerya wanafyonza maji ya sukari ya mti kutoka kwenye mirija yake, na sukari inayozidi wanaitoa nje. Ndiyo maana chini ya mwembe huo majani yananata, juu yake unaota ukungu mweusi watu wanaouita masizi, na sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina kutwa nzima.

Wale wa gamba gumu hawatoi sukari. Wao wanatoboa chembe za jani moja moja na kunyonya kilichomo, hawagusi mirija ya sukari. Kwa hiyo ukiwa umeandika "gumu" hatua ya 4 halafu mti unanata na umejaa masizi, ama umekosea au kuna wadudu wa aina mbili kwenye mti mmoja, jambo ambalo ni la kawaida sana, hasa mwembe mkubwa wa zamani. Rudi utafute wa pili, angalia chini ya majani kwenye mshipa mkuu.

Pitisha kidole juu ya jani lililo chini ya wale wadudu, siyo lenyewe wanalokaa. Sukari inadondoka, kwa hiyo mnato unakuwa kwenye jani la chini yake.

## Hatua ya 6: Usimtambue dume wala mtoto

Jina linatolewa kwa jike aliyekomaa. Dume la mdudu gamba linaishia kuwa kijidudu chenye mabawa, hakina mdomo wa kulia, linaishi siku chache kabisa na kufa. Kabla ya hapo linakaa ndani ya gamba lake dogo ambalo mara nyingi halifanani hata kidogo na la jike, ndiyo maana mtu anaapa ana aina mbili za wadudu kumbe ni mke na mume.

Watoto wanaotoka kwenye mayai wana miguu, wanatambaa wanatafuta pa kukaa, wakishapapata wengi wao hawahami tena. Kuwaona, zungushia selotepu kwenye kijiti chenye wadudu, upande wa gundi ukiangalia nje. Iache siku mbili tatu. Ukiitoa na kuibandika kwenye karatasi nyeupe utaona vinukta vya njano, chungwa au vyekundu vimenasa. Tarehe ulipoviona iandike vizuri, itakuja kukufaa hatua ya 8, kwa sababu hawa watoto ndio wepesi kuuawa kuliko mdudu yeyote mwenye gamba.

## Hatua ya 7: Sasa tafuta jina, mti kwa mti

### Kwenye mwembe

Mdudu anayeulizwa kuliko wote ni Aulacaspis tubercularis, mdudu gamba mweupe wa mwembe. Ni wa gamba gumu. Jike ana gamba jeupe, bapa, karibu mviringo, milimita 2 hivi, na ukitazama kwa lenzi utaona pembeni, siyo katikati, kidoa kidogo cha njano iliyoelekea kahawia chenye mstari mweusi. Kile kidoa ni ngozi alizovua akiwa mtoto. Ukifunua gamba unakuta mwili wa kahawia-nyekundu, mpana mbele na mwembamba nyuma, na kama ametaga unaona mayai, au watoto wa rangi ya matofali wanaanza kutoka.

Halafu angalia kandokando yake. Utaona vigamba vingine vyeupe, virefu, vyembamba, kingo zake mbili zimenyooka sambamba, na juu vina matuta matatu ya urefu yaliyopangana. Hayo ndiyo madume, yanakaa kwa makundi, yanaweza kuwa makumi kwa makumi mahali pamoja. Ukipata jike wa mviringo mwenye kidoa pembeni pamoja na kundi la madume yenye matuta matatu, kwenye mwembe, jina umelipata kwa uhakika mkubwa unaowezekana bila hadubini. Jani hapo linakuwa na mabaka ya njano yanayoonekana hata upande wa pili, na tunda likiiva linabaki na madoa ya pinki ambayo mnunuzi anayakataa hata kama ndani embe ni zima.

Hana sukari, hana masizi. Ukiona masizi juu ya mwembe wenye mdudu huyu tafuta mwenzake.

Mwenzake anaweza kuwa Milviscutulus mangiferae, wa gamba laini: bapa sana, wa kijani-njano, umbo la pembe tatu iliyozungushwa kona, anakaa chini ya jani. Anafanana na jani kiasi kwamba macho yanampita, mnato ndiyo unamtaja.

Au Ceroplastes, wale waliojivika nta nene. Ukigusa kwa sindano nta inabonyea na kunyofoka. Ceroplastes rubens ana nta ya pinki, wengine nta nyeupe, na wote wanapenda vijiti na mishipa ya majani.

Kidung'ata anayeleta shida kwenye embe Tanzania na Kenya ni Rastrococcus iceryoides, asili yake Asia ya kusini. Anavamia majani, vikonyo vya maua na matunda, nta yake nyeupe ina vishungi pembeni. Na Icerya seychellarum ni mkubwa zaidi, mwili wa chungwa au njano umefunikwa nta nyeupe na njano, pembeni vinyuzi vyembamba vinang'aa juani.

### Kwenye mchungwa, mlimao na mdanzi

Hapa kuna wawili wa mviringo ambao watu wanawachanganya, wote ni gamba gumu. Aonidiella aurantii ni mwekundu-kahawia kwa sababu gamba lake linapitisha mwanga na unachokiona ni rangi ya mwili chini yake. Mwili huo ukikomaa unajikunja pande mbili za nyuma na kufanya umbo la figo. Anakaa majani, matunda na vijiti pia. Chrysomphalus aonidum gamba lake ni jeusi au zambarau iliyokolea, halipitishi mwanga, na katikati kabisa lina kichuchu cha rangi nyepesi zaidi, nyekundu-kahawia. Huyu anapenda majani na matunda, kwenye kijiti humkuti kirahisi. Kwa hiyo zile bahasha zako za hatua ya 1 zinakupa jibu hapa: wa mviringo kwenye kijiti, mfikirie Aonidiella kwanza.

Lepidosaphes beckii humkosi, ni mrefu, mwembamba mbele anapanuka nyuma, amepinda kidogo, kahawia iliyoelekea zambarau, milimita 3 hivi. Ukimfunua jike unaweza kukuta mayai meupe yamepangana nyuma ya mwili.

Kwa upande wa gamba laini kuna Coccus hesperidum, bapa, njano-kahawia mwenye madoadoa, na Saissetia oleae, aliyepanda mgongo, mweusi-kahawia, mgongoni ana mistari iliyoinuka inayochora herufi H. Hiyo H ni ya kuaminika, ukiiona vizuri kwenye mdudu mkubwa mweusi jina limetoka. Ila watoto wa ndugu yake Saissetia coffeae nao wana H, wao wakikomaa inapotea na mgongo unakuwa laini unaong'aa, kwa hiyo hakikisha unayemwangalia ni mkubwa.

Icerya purchasi anatambulika kwa mfuko. Jike ni mwekundu-kahawia, na nyuma yake anabeba mfuko mweupe wa mayai wenye mifereji iliyonyooka kwa urefu, mkubwa kuliko mwili wake. Uchane kwa sindano, mayai mekundu yanamwagika, ni mamia. Kama karibu yake kuna kijidudu kibibi chekundu chenye mabaka meusi, kiache, huyo ni Rodolia na chakula chake ni huyo huyo Icerya.

### Kwenye kahawa ya Kigoma

Kwa wenye mibuni kule Kalinzi, Kasulu na Buhigwe, mdudu wa kwanza kumfikiria ni Coccus viridis, gamba laini, bapa, wa kijani mwepesi, anajipanga kando ya mshipa mkuu chini ya jani na kwenye machipukizi. Mgongoni mwake, chini ya ngozi, kuna vinukta vyeusi vilivyojipinda, ndiyo utumbo wake unaonekana. Sehemu za miinuko Afrika Mashariki kuna ndugu yake, Coccus alpinus, wanafanana kwa macho, kuwatenganisha ni kazi ya hadubini, na bahati nzuri matibabu yao hayatofautiani.

Saissetia coffeae naye yupo: kahawia, nusu duara, mgumu, anang'aa.

## Hatua ya 8: Ukishajua kundi, amua

Dawa za maji ya mti, zile zinazoingia ndani na kusafiri na utomvu, nyingi zinawapata gamba laini na vidung'ata kwa sababu ndiko wanakonyonya. Gamba gumu hawanyonyi huko, kwa hiyo dawa maarufu kama imidacloprid inawapita wengi wao. Na dawa za kugusa ngozi zinagonga gamba tu. Hii ndiyo ile "dawa feki" ya kila mwaka.

Kwa gamba gumu, punguza matawi ya ndani mwanga na hewa vipite, choma au fukia yaliyoshambuliwa sana, halafu lenga watoto wanaotambaa kwa mafuta ya kunyunyizia miti, kufuata zile tarehe za selotepu yako. Mafuta yanaziba pumzi yao. Usipige jua kali, wala mti ukiwa umenyong'onyea kwa ukame, majani yataungua, na Tabora mwezi wa tisa na wa kumi hatari hiyo ni kubwa. Usichanganye mafuta na salfa, na kama ulipiga salfa ya ubwiri unga soma lebo ujue usubiri muda gani.

Kwa gamba laini na vidung'ata, zuia sisimizi kwanza. Sisimizi wanawalinda wale wadudu wasiliwe ili waendelee kula sukari, ukikata njia yao ya kupanda shinani, vibibi na nyigu wanapata nafasi. Kabla hujaua kitu chochote cheupe chenye nta kinachokimbia kasi kati ya vidung'ata, kigeuze: kuna watoto wa kibibi wanaovaa nta vile vile, nao ndio wanaowala.

Mambo mawili naomba yasichukuliwe kirahisi. Dawa iliyobaki ya tumbaku isipigwe kwenye mwembe wa nyumbani, haikusajiliwa kwa tunda ambalo mtoto atalichuma na kulila pale pale, na najua mikoa yetu chupa hizo zimejaa stoo. Na mti ukiwa na maua usipige dawa ya kuua wadudu. Tabora ni nchi ya asali, mizinga imezunguka kila upande, nyuki anayekufa kwenye ua la mwembe wako ni wa jirani yako.

## Hatua ya 9: Picha na sampuli ya kupeleka kwa mtaalamu

Jina la uhakika kabisa la mdudu gamba linatoka kwenye hadubini, mtaalamu anamwandaa jike kwenye kioo na kusoma ncha ya nyuma ya mwili wake, vijitundu na miiba yake. Kwa hiyo ukitaka uhakika, au umekuta mdudu ambaye hayupo kwenye maelezo haya, peleka sampuli.

Piga picha nne: mti mzima, tawi, jani pamoja na rula ya milimita, na mdudu aliyefunuliwa gamba. Hiyo ya nne ndiyo watu hawaitumi, na ndiyo inayojibu swali.

Gamba gumu wapeleke kwenye majani yaliyokaushwa, yakandamizwe katikati ya magazeti, kisha bahasha. Gamba laini na vidung'ata watie kwenye spiriti, pamoja na kipande cha jani walichokaa, usiwang'oe maana midomo inakatika. Angalia rangi ya mdudu kabla hajaingia kwenye spiriti na uiandike, kwa sababu inabadilika. Kidung'ata wa mpapai, Paracoccus marginatus, ni wa njano lakini ndani ya spiriti anageuka mweusi, na mabadiliko hayo yenyewe ni alama ya kumtambua.

Ndani ya kila kichupa weka lebo ya penseli: mti, kijiji na wilaya, tarehe, sehemu ya mti, jina lako. Anza kwa afisa ugani wa kata. Tabora kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Tumbi, Kigoma kuna TARI Kihinga, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake makuu yako Arusha. Piga simu kwanza uulize anayepokea sampuli za wadudu.

Sampuli ya kusafiri kwa basi iwe imekufa, kwenye spiriti au imekaushwa. Usibebe tawi bichi lenye wadudu hai kutoka Tabora kwenda Kigoma wala kinyume chake, na miche ya kununua ikague chini ya majani kwa lenzi kabla haijapanda gari.